Sababu ya Kufunga Mlango wa Banda

2 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, ila vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usiseme nimesahau shule.

Dhumuni la barua hii ni gari. Ndiyo, hatimaye nimelipata! Ni dogo, la bluu, na lilikuwa la mkunga mmoja aliyelitunza vizuri. Sasa nakwenda kutengeneza lifti zangu za maghorofani bila kubeba mkoba wa spana begani. Lakini huku kusini, Baba, asubuhi kioo cha mbele kinaganda barafu nyembamba, nakikwangua kwa kipande cha plastiki. Nikiwasha, gari linalia kwa hasira, utadhani nimeliamsha kabla ya saa yake. Nifanyeje? Niliache lingurume kwanza au niondoke nalo hivyo hivyo?

Jirani yangu wa chini, mwalimu wa kuogelea, anasema magari ya siku hizi hayahitaji kupashwa moto. Washa, safisha vioo, ondoka taratibu, litapata joto njiani. Kuliacha limesimama linanguruma, anasema, ni kuchoma mafuta bure na kuwavutisha watu moshi.

Nikamwambia kwamba baba yangu aliendesha gari la mikate mpaka akastaafu, na hakuna asubuhi aliyoondoka kabla gari halijanguruma muda wa mtu kumaliza chai. Akaniuliza, "Kwani kwenu kuna barafu?" Nikasema hakuna. "Sasa alikuwa anapasha nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Kwetu baridi ikizidi sana ni baridi ya sweta. Mikate yenyewe ilikuwa ya moto! Nakumbuka nilivyokuwa nakaa kiti cha mbele na sare yangu ya shule, wewe umefumba macho, mkono uko kwenye usukani, unaniuliza, "Haya Sikio, umesikia nini?" Nami najibu, "Kuna kitu kinagongagonga upande wa kulia." Ukiridhika unanimegea mkate uliovunjika. Huenda ndiyo maana leo nasikiliza lifti na nalipwa kwa kazi hiyo. Lakini swali liko pale pale: ulikuwa unapasha nini?

Nilitaka kukuuliza kwa simu. Kila nikipiga, Mama anasema umetoka, au unaoga, au uko uani. Mtu gani anaoga mara nyingi hivyo?

Mwanao,
Sikio


9 Juni

Mwanangu Sikio,

Marahaba, na hongera ya gari. Mkunga ni mtu mwenye mkono mwepesi, hakuliumiza.

Sasa tuje kwa huyo jirani yako. Mwalimu wa kuogelea na injini, wapi na wapi? Mimi nimewahi kumfundisha mtu kuogelea?

Sikiliza. Ukiliwasha gari asubuhi ya baridi, mlio unakuwa juu. Usiogope na usikanyage mafuta. Subiri. Mlio utashuka wenyewe, kama mtu anayetua mzigo begani. Ukishuka, sema "Tayari," kisha ondoka, lakini usilikimbize mpaka sindano ya joto inyanyuke. Haraka haraka haina baraka, na injini ya baridi ndiyo inayolijua hilo kuliko sisi. Zamani tulikuwa tunavuta na choki ya kuongeza petroli, lakini hayo yamepita.

Kuhusu nilikuwa napasha nini, nilikuwa napasha injini. Unataka niwe nimepasha nini kingine? Tangu utoto wako huachi kuuliza.

Hapa sisi hatujambo. Gari letu nimelihamishia kwenye banda la uani, maana fundi cherehani wa nyumba ya pili analalamikia kelele za asubuhi. Sasa naliwasha humo humo, nafunga mlango, nalisikiliza kwa raha zangu. Halimsumbui mtu.

Na hiyo simu usiisemee sana. Simu ni ya salamu na misiba. Mambo ya gari yanataka karatasi, ili mtu apate nafasi ya kufikiri. Ila kama unataka nikupimie injini yako, rekodi sauti yake uitume kwenye simu ya mama yako. Nitaisikiliza.

Baba yako,
Dereva (mstaafu, lakini leseni ni hai)


Siku ile ile

Mwanangu kipenzi,

Karatasi hii naichomeka kwenye bahasha ya baba yako kabla hajaifunga. Sijasoma aliyoyaandika, najua ni injini tu.

Nikupe habari za mke mwenzangu. Zamani alilala barabarani mbele ya nyumba, nami nikawa na amani yangu. Sasa amehamia bandani, na unajua banda lile limegusana na ukuta wa chumba chetu, pale penye matundu ya hewa juu ya kitanda. Kila asubuhi ananiamsha yeye. Nilimuuliza baba yako kulikoni, akasema upepo wa kipupwe unaumiza injini, ndiyo maana anafunga na mlango. Nimeolewa na dereva na nimezeeka naye, na sijawahi kusikia injini ikipata mafua.

Mapazia yameanza kunuka gereji. Na mimi kichwa kinaniuma kila nikiamka, kinaniachia jua likishakuwa juu. Nadhani ni hii miwani mipya. Nilipokwenda kulala kwa mama yako mdogo niliisahau nyumbani, na kichwa hakikuniuma hata kidogo, kwa hiyo ni miwani tu. Nitaibadilisha. Baba yako naye amekuwa mzito, anatoka bandani anasinzia juu ya kikombe. Uzee huo. Usimwambie kwamba nimesema.

Na usimsonge sana kuhusu simu. Unamjua alivyo.

Mama yako


18 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Niliwasha, nikasubiri, na kweli mlio ukashuka! Nikasema "Tayari" kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Jirani alikuwa anapita na taulo begani, akanitazama kwa huruma. Hata hivyo naona mnakaribiana kuliko mnavyodhani, maana mlio unashuka upesi sana. Kwa gari la bluu hata chai haiwezi kupoa. Kwa hiyo lile swali langu limezidi kunona: gari la mikate lilihitaji muda wote ule kwa nini?

Na sasa nina swali la pili. Wewe umeandika kwamba gari limehamia bandani kwa sababu ya fundi cherehani. Mama anasema ni upepo. Baba, fundi cherehani si alihama mwaka jana? Uliniandikia mwenyewe kwamba ulimsaidia kubeba cherehani, na mgongo ukakuuma. Kazini kwetu, lifti ikiwa na sababu mbili za kukwama, mimi huwa natafuta ya tatu.

Sauti nimeituma leo kwenye simu ya Mama. Isikilize vizuri. Nipe majibu ya ukweli, usinionee haya.

Mwanao mbishi,
Sikio


25 Juni

Sikio,

Marahaba.

Sauti ya gari lako nimeisikiliza. Niliiweka simu sikioni mpaka ikaisha, nikairudia. Injini ni nzima. Imetulia, haina kikohozi. Kuna kitu kimegonga kidogo mwishoni, si cha kutisha, angalia tu mafuta ya injini kama yanatosha. Yule mkunga alijua kazi.

Fundi cherehani alihama, ndiyo, lakini hata waliohamia pale wana masikio. Na mlango naufunga kwa sababu paka wao hupenda kulala juu ya boneti likipata joto. Umeridhika sasa? Wewe ungefaa polisi.

Barua hii ni fupi. Siku hizi asubuhi kichwa ni kizito, hata kalamu inanitoka. Nikikaa kidogo nje kwenye hewa nachangamka. Nitakuandikia nyingine.

Baba yako,
Dereva


30 Juni, Jumapili asubuhi

Mama,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako. Isome ukiwa jikoni.

Nina jambo la kuchekesha, halafu nina jambo lisilochekesha. Naanza na la kuchekesha. Unajua kazini huwa narekodi sauti za lifti, ili nilinganishe kabla na baada ya matengenezo. Jana msimamizi wangu aliniomba sauti ya lifti moja ya jengo la ofisi. Nikaitafuta kwenye simu, na ndipo nilipoona kwamba ile niliyokutumia nikidhani ni ya gari, ndiyo hiyo hiyo ya lifti! Nikaisikiliza upya. Milango inafungana, kunakuwa kimya, halafu yule dada wa ndani ya lifti anasema kwa madaha, "Ghorofa ya tatu. Mlango unafunguka." Mwishoni spana inaniponyoka, inagonga sakafu na kuniumiza kidole cha mguu, nami natamka neno ambalo hukunifundisha. Basi. Injini haimo hata kidogo.

Na Baba aliandika kwamba injini imetulia, haina kikohozi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwona Baba akilini, ameshika simu, anamsikiliza dada wa lifti, anasema yule mkunga alijua kazi. Kisha kicheko kikakatika. Baba ambaye akilisikia gari likipita nje ya ukuta anajua breki ya gurudumu lipi imeisha! Kile kitu alichosema kimegonga kidogo mwishoni ni spana yangu. Hicho peke yake ndicho alichokisikia.

Mama, Baba hasikii, siyo? Ndiyo maana hashiki simu. Ndiyo maana kila nikipiga anaoga. Tangu lini? Na wewe unajua, kwa sababu wewe ndiwe unayemwogesha.

Kitu kimoja tu bado sikielewi. Sababu za kufunga mlango wa banda sasa zimekuwa tatu: fundi cherehani, upepo na paka. Mtu asiyesikia anajifungia na gari linalonguruma kwa nini hasa? Anafanya

Ngoja, jirani anabisha hodi.

Nimerudi. Alikuja kuazima kikwangulio changu cha barafu. Nilimsimulia habari za dada wa lifti akacheka, nikamsimulia habari za banda, akaacha kucheka. Aliniuliza kama banda lina dirisha. Aliniuliza kama kuna mtu analala karibu. Anasema moshi wa gari ndani ya chumba kilichofungwa una sumu isiyoonekana wala isiyonuka, na mtu hulala asiamke. Anasema unaanza na kichwa kuuma na usingizi.

Mama, siyo miwani.

Naacha kuandika. Nakupigia sasa hivi.

Jioni

Barua hii naituma kama ilivyo. Sikuwa na moyo wa kuianza upya.

Sikio


4 Julai

Mwanangu,

Barua yako imefika, nimeisoma jikoni kama ulivyoniagiza, ingawa hakuna tena cha kuficha.

Kwenye simu sikuweza kukueleza yote. Acha nikuandikie sasa kwa utulivu.

Ulipopiga nilikuwa bado kitandani, kitambaa cha maji usoni, namsikia mke mwenzangu ananguruma upande wa pili wa ukuta. Ulianza kuniuliza habari za madirisha, nikasema moyoni, huyu mtoto baridi imempanda kichwani. Ulipopiga kelele "Toka nje, Mama! Toka kwanza!" ndipo miguu ilipopata habari. Hata hivyo nusura nianguke mlangoni.

Banda lilikuwa limefungwa kwa komeo la ndani. Niligonga. Nikamwita kwa jina ambalo huwa simwiti mbele za watu. Nikagonga tena kwa kiganja, halafu kwa jiwe. Nawe unajua kwa nini hakujibu. Nikachukua jembe nikavunja mlango.

Alikuwa kwenye kiti chake, kioo cha dirisha kimeteremshwa, paji la uso liko juu ya usukani. Nilidhani nimeshakuwa mjane. Nilizima gari, mimi, ambaye sijawahi kuugusa ule ufunguo. Nilimvuta kwa makwapa mpaka uani, na baba yako unaujua uzito wake. Alipopata hewa alitapika miguuni pangu, akafumbua macho, akaniuliza kwa nini nimevunja mlango. Nilimpiga kofi la bega, kisha nikalia. Majirani wakaja wakatupakia wote wawili kwenye gari lao. Hospitali walituvalisha vinyago vya hewa ya mtungi, tukalazwa vitanda viwili sambamba, tunatazamana tu. Daktari alisema siku nyingine moja ingetosha.

Sasa la pili. Ndiyo, nilijua. Alianza kwa kuniomba nirudie maneno, baadaye akaacha kuomba, akawa anatabasamu tu. Nikawa masikio yake. Mtu akibisha hodi namgusa bega. Lori likipiga honi nyuma yetu nambana goti, naye anasogea pembeni. Ulipotuma ile sauti niliisikiliza kabla yake. Nikamsikia mwanamke anatangaza ghorofa, nikajiuliza kama magari ya huko yanapanda na ghorofani! Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa ameiweka simu sikioni, amefumba macho, anatikisa kichwa kwa raha ya ajabu. Ningemwambiaje? Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha ya mume wangu kwa mapenzi. Naomba usinilaumu sana.

Kwa nini alikuwa anafunga mlango, amekataa kuniambia. Anasema atakuandikia wewe.

Mama yako


11 Julai

Sikio,

Leo sina utani.

Mambo yalianzia kwenye ule mlio unaoshuka. Asubuhi moja niliwasha gari nikasubiri ushuke, haukushuka. Nikadhani gari ndilo bovu. Nikalipeleka kwa fundi, akasema ni zima. Nikalipeleka kwa fundi mwingine, akasema ni zima, akaniangalia usoni muda mrefu. Ndipo nilipojua kibovu ni kipi.

Sikutaka kuamini. Kila asubuhi nikawa naliwasha tena, nasubiri. Leo sijasikia, labda kesho. Nikaanza kusubiri zaidi na zaidi. Kule mbele ya nyumba sauti inakimbia, inapotelea hewani, sibaki na kitu. Siku moja ya mvua nikaliingiza bandani nikaliwasha humo, na paa la bati likanirudishia kidogo. Nikafunga mlango, likanirudishia zaidi. Si yote. Lakini kulikuwa na mngurumo kifuani, na kwa mbali ule mlio wa juu, na siku moja nikausikia unashuka. Siku hiyo nilikunywa chai nikiwa mtu mzima tena, si mzee wa kubanwa goti.

Basi hiyo ndiyo sababu ya mlango. Fundi cherehani, upepo na paka niliwasingizia.

Moshi niliujua. Dereva gani asiyeujua? Nilijiambia mabati yana nafasi, dirisha liko wazi, nakaa kidogo tu. Matundu ya ukuta wa mama yako hayakunijia akilini hata mara moja, na hilo halina udhuru. Alikuwa analala anavuta uchafu wangu, anailaumu miwani. Kisha akasimama mlangoni ananiita, anapiga kwa jiwe, nami niko ndani nasikiliza gari. Mwanangu, hilo linaniuma kuliko masikio.

Ufunguo nimempa. Anatembea nao kwenye mfuko wa gauni, ukigongana na sarafu anafurahi. Gari liko nje juani. Sitaliendesha tena, mtu asiyesikia honi hana haki ya kuzunguka na watu barabarani. Mama yako anasema atajifunza yeye. Nilicheka, kisha nikaona hakucheka.

Sasa lile swali lako la kwanza. Nilikukwepa, nikasema nilikuwa napasha injini. Huyo mwalimu wa kuogelea ana haki yake, mpe salamu. Gari la mikate lilikuwa tayari kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Lakini wewe ulikuwa mtoto mkimya. Walimu walituita wakasema huyu haongei, mpelekeni kwa daktari. Nyumbani hivyo hivyo, unaulizwa unatikisa kichwa tu. Mpaka asubuhi moja gari linanguruma, nikakuuliza bila kutegemea jibu, "Umesikia nini?" Nawe ukafungua mdomo ukaniambia mambo mengi mno. Kuna kinachogonga, kuna kinachopiga mluzi, kuna kinacholia kama mlango wa shangazi. Nilipoondoa gari, ukanyamaza. Kesho yake nikachelewa kuondoka makusudi, ukaongea tena.

Bosi alilalamika kwamba mikate inafika imepoa. Nikamwambia injini inataka kupashwa moto.

Nina ombi moja. Hilo gari lako la bluu, asubuhi ya barafu, linasemaje? Umesikia nini? Zamani nilikuuliza ili uongee. Safari hii nauliza kwa sababu sijui.

Baba yako


18 Julai

Kwako Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma ngazini, nikashindwa kufika mlangoni kwangu. Mwalimu wa kuogelea alinikuta pale. Nimempa salamu zako, akasema amezipokea, na ukitaka kujifunza kuogelea atakufundisha bure.

Nimeomba likizo, nakuja mwisho wa mwezi. Tutakwenda kwa daktari wa masikio, mimi na wewe na Mama, na usiniambie unaoga. Wakikupa kifaa utakivaa. Wasipokupa, tutaandikiana, na ukiwa chumba cha pili nitakuja kukugusa bega. Na nikifika nitaziba yale matundu ya ukuta kwa mkono wangu, hata kama banda sasa ni la kuku.

Leo asubuhi nilitoka mapema kidogo. Gari liko nje, uwanjani, kweupe, usiwe na wasiwasi. Nilikwangua kioo, nikakaa, nikafumba macho kama wewe. Nikawasha.

Kwanza starta ilijikokota, nzito, mara moja, mara ya pili, ndipo injini ikashika. Mlio ukapanda juu, mkavu, wenye kutetemeka kidogo pembeni, nadhani ni kifuniko cha droo ya mbele kimelegea. Chini yake kulikuwa na mkanda unaolia kwa wembamba, tii, tii, halafu ukaacha wenyewe ulipopata joto. Upande wa kushoto kuna kitu kinatikatika, ni chepesi, ni vali labda, utaniambia wewe. Feni ya hewa ilivuma. Barafu iliyobaki kwenye kioo ikaanza kuteleza, na kuteleza kwake kuna sauti, Baba, sikuwahi kujua, ni kama mtu anavuta karatasi juu ya meza. Kisha mlio ukashuka. Haukushuka ghafla. Ulisita, ukateremka kidogo, ukasita tena, ukakaa.

Hapo ndipo ninapotakiwa kusema "Tayari" niondoke. Injini ilikuwa tayari kabisa. Lakini nilikuwa bado nakusimulia, kwa hiyo nikaendelea kukaa.

Jirani akagonga kioo. Akaniambia nachoma mafuta bure.

Nikamwambia hapana, siyo bure.

Mwanao,
Sikio